Barua kwa Rehema: insha na filamu za kuombea chuo

Dar es Salaam,
9 Septemba

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Naamini Tanga hamjambo na goti la mama limepata nafuu. Insha zako za kuombea vile vyuo viwili vya filamu vya Marekani nimezisoma zote, na filamu nimeitazama mara mbili, mara ya pili kwa spika nzuri. Nakujibu bila kuzungukazunguka, maana muda hautusubiri.

Nianze na insha, ndiko kwenye kazi. Ile ya kwanza inafungua hivi: "Tangu utotoni nimekuwa nikipenda sana filamu." Ifute. Anayesoma maombi ana rundo mbele yake, na hakuna aliyelipa ada ya maombi ambaye hapendi filamu. Ila kwenye aya ya tatu umemweka yule mama wa soko la samaki la Deep Sea, anayehesabu noti kwa vidole bila kuziangalia, macho yote kwa mteja. Insha yako inaanzia hapo. Mlete juu, kisha useme kamera ungeiweka wapi, kwenye vidole au machoni, na kwa nini. Wanataka kujua jicho lako linatua wapi. Kwa insha ya maneno 500, mama huyo asizidi maneno 120. Kama 200 yaende kwenye kazi uliyokwisha kuifanya, pamoja na kilichoharibika na ulivyokirekebisha (hapo ulipaparika ukaficha, bure tu). Mia moja, kwa nini chuo hicho. Yatakayobaki, unataka kutengeneza nini ukiwa huko.

Hilo la "kwa nini chuo hiki" umelinakili kwa vyuo vyote viwili ukabadilisha jina tu, na linajionyesha. AFI, chuo cha Taasisi ya Filamu ya Marekani kule Los Angeles, ni miaka 2, nawe unaingia kwa fani moja kati ya sita: uongozaji, uandishi wa skripti, upigaji picha, uhariri, utayarishaji au usanifu wa seti. Ukiwaandikia kwamba unataka kujaribu kila kitu, umejitoa mwenyewe. Uzamili wa filamu wa NYU, yaani Chuo Kikuu cha New York, ni miaka 3, na wanafunzi hupokezana: leo unaongoza, kesho umeshika maiki kwenye filamu ya mwenzako. Sentensi ileile kwao ina mashiko. Kwa hiyo andika aya mbili tofauti kabisa, usiangalie moja unapoandika nyingine.

Kiingereza chako hakina shida, ila heshima zetu zimekufuata humo. "Naomba kwa unyenyekevu mnifikirie" ni maneno ya barua ya kuomba kazi halmashauri. Toa.

Sasa filamu. Kwanza soma kikomo cha kila chuo. Wakisema dakika 5, ni dakika 5 pamoja na majina ya mwisho. Yako ina sekunde 38 za maandishi, jua linachomoza, na muziki, kabla hatujaona binadamu. Hawajafungwa kuitazama mpaka mwisho, kwa hiyo usiwape sababu ya kuizima. Kata mpaka pale mlango wa jikoni unapofunguliwa.

Jikoni penyewe mwanga unachezacheza. Umepiga chini ya tyubulaiti kwa shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha) ya 1/60 ya sekunde, na umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa na kamera hazipatani. Weka 1/50, fremu 25 kwa sekunde, ufunge mwanga na fokasi ili simu isijiamulie katikati ya shoti. Kuisafisha kwenye uhariri kunachosha na haitoki vizuri. Rudia tu, ni jikoni kwenu. Ukiwa hapo, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, friji likinguruma hivyohivyo. Utazilaza chini ya mikato yako na sauti itaacha kurukaruka.

Kuanzia dakika ya tatu midomo na maneno vinaachana. Si kosa la masikio yako: simu nyingi hurekodi fremu kwa kasi inayopandashuka. Pitisha klipu zote kwenye HandBrake, ile ya kugeuza video, chagua kasi isiyobadilika, ndipo uziingize DaVinci Resolve uhariri. Programu zote mbili zinapatikana bure. Ule wimbo wa Bongo Fleva uondoe. Huna haki nao, na video inaweza kunyamazishwa au kuzuiwa ukishaipandisha.

Sabutaito: mistari miwili tu kwa wakati mmoja, herufi zisizidi kama 42 kwa mstari, na hakuna inayokaa chini ya sekunde moja. Umeitafsiri "shikamoo" kuwa "nashika miguu yako". Rehema! Mtoto ameshainamisha kichwa, picha imemaliza kazi. Weka salamu ya kawaida upite.

Ile filamu ya pili ulihariri tu, basi andika kwamba ulihariri. Wakikuita kwenye usaili watakuuliza kwa nini lenzi ile na si nyingine, utajibu nini?

Skripti iko vizuri. Fonti ya Courier saizi 12, ukurasa mmoja kama dakika moja ya filamu, umepatia. Punguza tu mabano ya kuwaambia waigizaji walie au wanune.

Barua za mapendekezo waombe wahusika wiki hii. Usimwendee mkuu wa shule kwa sababu ya cheo. Atasema wewe ni mtiifu na mwenye nidhamu, na hilo kwa mwongozaji halisaidii sana. Mtafute aliyekaa nawe kazini, akakuona ukibishana kuhusu mkato mmoja nusu siku.

La mwisho ni saa. Vyuo vingi vya Marekani hufunga dirisha kati ya Novemba na Januari mwanzoni, kwa saa za kwao. Ikiandikwa saa 5:59 usiku ya Los Angeles mwezi Desemba, kwako ni saa 4:59 asubuhi ya kesho yake. Ya New York ni saa 1:59 asubuhi. Usizile saa hizo za ziada. Filamu ya dakika 5 kwa megabiti 10 kwa sekunde ni kama megabaiti 375. Ipandishe siku nne kabla, usiku bando likiwa jepesi. Kisha fungua kiungo na nenosiri kwenye simu ya mtu mwingine uone kama kinafunguka.

Ukishakata upya nitumie kwa kiungo hichohicho. WhatsApp inabana picha, nitaanza kukulaumu kwa makosa yasiyo yako.

Msalimie mama.

Wako,
Zuhura