Paka anaposhinda pembeni ya mtungi

Bibi mmoja wa Mikindani, hapa Mtwara, alitupigia simu asubuhi na mapema, sisi tunaotibu wanyama. "Mwanangu, huyu paka wangu ana kiu kama aliyekula chumvi. Haondoki kwenye mtungi." Alidhani ni joto la Novemba. Tulipofika tulimkuta kajikunyata pale pale kwenye ubaridi wa mtungi, mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama. Tukamfungua mdomo: fizi zimepauka, pumzi inanuka mkojo. Ana miaka 14. Figo.

Tumeamua kuandika haya kwa sababu wateja wengi hutufikia wakiwa wamechelewa, na kosa si lao. Paka ni fundi wa kuficha maumivu. Figo zake huchoka polepole, na dalili zinapojitokeza, mara nyingi theluthi mbili ya uwezo wake imeshakwisha. Kinachotangulia ni kiu na mkojo mwingi. Kukonda na kutapika hufuata. Ugonjwa huu hauponi. Lakini paka akiwahiwa anaweza kuishi miezi, wengine hata miaka, akiwa na nafuu.

Kwanza kabisa, tafadhali, usimpe Panadol. Mwili wa paka hauwezi kuivunja, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Diklofenaki nayo humaliza figo zilizobaki. Tumeshaletewa paka ambaye ugonjwa ungemwachia muda, kidonge cha huruma kikamnyima.

Tunachofanya ni kumtia maji ya dripu chini ya ngozi, katikati ya mabega. Kazi hiyo tunamfundisha mtu wa nyumbani. Bibi yule alituangalia mara mbili, ya tatu akashika sindano mwenyewe. Chakula kiwe laini: changu wa kuchemsha aliyetolewa miiba, bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwa paka. Kipashe moto kidogo ili harufu imwite. Msogezee maji na boksi la mchanga karibu na anapolala.

Halafu huja siku ambazo hata changu hamtaki. Haji mlangoni, hajilambi, anajificha uvunguni. Kule kunguruma kwake kooni kama mwenye raha usikutegemee sana, kwa sababu paka hunguruma hivyo hata akiwa na maumivu. Sisi huwaambia wenye paka waweke alama kwenye kalenda, siku njema na siku mbaya. Siku mbaya zikizidi, tuzungumze.

Sindano ya mwisho tunaifanyia nyumbani, mkipenda. Kwanza tunampa ya usingizi, mnabaki naye mnampapasa mpaka alale fofofo. Ndipo tunampa ya pili, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Tunawaeleza mapema kwamba macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na huenda akavuta pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama. Hapo hasikii chochote. Asiyeambiwa haya hushtuka, na hubaki na picha mbaya moyoni.

Wapo wasioitaka sindano, kwa imani au kwa sababu zao. Hatuwashurutishi. Tunaendelea kumtuliza maumivu mpaka aondoke mwenyewe.

Kaburi lichimbwe kina cha kiunoni. Mchanga wetu wa pwani ni laini, mbwa hufukua upesi, na dawa ile hubaki mwilini: mbwa au kunguru akila anaweza kufa. Kwa hiyo jalalani hapana kabisa.

Bibi alipata miezi mitano na paka wake. Siku ilipofika alituomba tusubiri mjukuu arudi kutoka shuleni, tukasubiri. Mtoto alimfunika kwa kipande cha kanga ya bibi, akachimba mwenyewe chini ya mwembe, baba yake akamalizia kina.

Tunafika Mikindani, Shangani, Ligula, Chikongola na Magomeni. Ukimwona paka wako anashinda kwenye maji, tupigie siku hiyo hiyo.