Shemeji, Frost hakuonewa

Shemeji,

Shikamoo. Jana simu tuliikata vibaya, na sijalala vizuri. Nakujibu hadharani kwa sababu watu wetu wengi hapa Nebraska, Marekani, wanasema kama wewe: Scott Frost, kocha wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Nebraska aliyefukuzwa Septemba hii ya 2022, kaonewa, na chuo kingevumilia mpaka tarehe 1 Oktoba, fidia yake ya kufukuzwa ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5.

Pesa hizo zinauma, sikatai. Lakini Jumamosi ijayo, Septemba 17, inakuja timu ya chuo cha Oklahoma. Ulitaka vijana wa miaka 19 waingie uwanjani na kocha ambaye kila mtu jukwaani anajua anasubiri kalenda tu? Wale ni watoto wa watu, shemeji.

Kumbuka mechi yetu na chuo cha Northwestern kule Dublin, Ireland, Agosti 27. Ulikuwa kwangu, saa tano na nusu asubuhi, chai mezani. Robo ya tatu tunaongoza 28-17, Northwestern wameanza kulegea. Frost akaagiza lile teke fupi la kubahatisha, mpira uvuke yadi 10 tuuwahi wenyewe. Ulikuwa umeshika andazi. Ukalirudisha kwenye sahani bila kuling'ata, ukanitazama, hukusema neno. Northwestern wakauwahi wao, tena upande wetu wa uwanja, wakafunga. Tukalala 31-28. Siku ile hukuhitaji mtu wa kukueleza kitu.

Unasema ni bahati mbaya. Mwaka jana, 2021, tulipoteza mechi 9 kati ya 12, na hakuna hata moja tuliyozidiwa zaidi ya pointi 9. Mbili tatu ningekubali. Tisa? Itazame tena ile ya Michigan State: tunaongoza 20-13, robo ya mwisho, mpigaji wetu anapeleka mpira upande mmoja, wenzake wamekimbilia mwingine. Jayden Reed wa kwao akaurudisha yadi 62 mpaka mwisho. Hilo ni jambo la mazoezi, na mazoezi ni kazi ya kocha. Jumamosi iliyopita chuo cha Georgia Southern wamesonga mbele yadi 642 dhidi yetu, nyumbani kwetu, wakafunga la ushindi zikiwa zimebaki sekunde 36.

Nami nampenda Frost. Kazaliwa hapa Lincoln, ndiye aliyekuwa kwota-beki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, tulipobeba ubingwa wa 1997. Ndiyo maana amevumiliwa hivi: ushindi 16, vipigo 31. Kocha wetu wa zamani, Bo Pelini, alifukuzwa 2014 akiwa na ushindi 9 kwa msimu mmoja, na wewe ndiye uliyeniambia amestahili.

Msimu huu wa 2022 timu amekabidhiwa Mickey Joseph kwa muda, kocha mkuu wa kwanza mweusi wa futiboli hapa, aliyewahi kuichezea timu hii hii. Simdai awapige Oklahoma kwa maandalizi ya siku sita. Namdai wale vijana wajue mpira unaelekea upande gani.

Mechi ni saa tano asubuhi. Njoo na watoto, dada yako keshakanda unga.