Friedrich Bauer naye aandikwe katika historia ya kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu makala za historia ya kompyuta ambazo gazeti lako huzichapisha, na ambazo wanafunzi wangu huzikata na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo wa darasa. Makala hizo zina faida kubwa, lakini karibu zote huwahusu wenye makampuni wa Marekani, hata kijana anayezisoma akadhani kwamba taaluma hii iliasisiwa na matajiri peke yao. Sehemu kubwa ya misingi yake iliwekwa na walimu wa vyuo vikuu, na miongoni mwao yupo Mjerumani ambaye jina lake sijaliona hata mara moja katika kurasa zako: Friedrich Ludwig Bauer.

Bauer alizaliwa Regensburg, katika jimbo la Bavaria, tarehe 10 Juni 1924. Ujana wake uliingiliwa na vita, akawa askari, na ni mwaka 1946 tu ndipo alipoanza kusoma hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich, mji ambao mabomu yalikuwa yameubomoa vibaya. Alipata udaktari mwaka 1952 kwa utafiti wa fizikia ya nadharia. Wakati huo nchini mwake hapakuwa na shahada ya kompyuta, na aliyetaka kuielewa mashine hiyo alijiunga na wale waliokuwa wakiiunda. Chuo cha Ufundi cha Munich kilikuwa kikijenga kompyuta yake, PERM, na huko Bauer na mwenzake Klaus Samelson wakalishughulikia swali la jinsi mashine itakavyofuata hesabu iliyoandikwa kama anavyoiandika binadamu.

Jibu lao ndilo ninaloliona kuwa kazi kubwa kuliko zote alizozifanya. Tuchukue hesabu ya 2 + 3 × 4. Mwanafunzi anajua kwamba kuzidisha hutangulia, lakini mashine inayosoma alama mojamoja kutoka kushoto, ikifika kwenye alama ya kujumlisha, haina njia ya kujua kama ijumlishe papo hapo au ingoje. Bauer na Samelson walipendekeza kwamba kila kinachopaswa kungoja kiwekwe juu ya kilichotangulia, kama sahani zinavyopangwa kabatini, na kilichowekwa mwisho kiwe cha kwanza kuchukuliwa. Hivyo 2 na alama ya kujumlisha hungoja chini, 3 mara 4 hutoa 12, kisha 2 huongezwa na kupatikana 14. Mwaka 1957 waliomba hataza ya utaratibu huo, ambao hadi leo ndio unaoiwezesha programu kuita kipande kingine cha programu na kurudi pale ilipoachia. Haki inanidai niongeze kwamba Alan Turing wa Uingereza alikuwa amewaza jambo la karibu na hilo mwaka 1946, na kwamba Charles Hamblin wa Australia alilifikia kwa njia yake mwenyewe. Bauer alitunukiwa kwa kazi hiyo tuzo ya waasisi wa kompyuta ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1988. Samelson, aliyefariki mwaka 1980, hakuiona siku hiyo, nami nasikitika kila ninapolikumbuka hilo.

Mwaka 1958 Bauer alikwenda kufundisha Mainz, na katika miaka hiyohiyo alikuwa mmoja wa wataalamu 13 walioandika ripoti ya lugha ya programu ya ALGOL 60, ambayo lugha nyingi zinazotumika leo zimerithi sura yake. Alirejea Munich mwaka 1963, na mwaka 1967 akaanzisha huko mtaala wa kwanza wa taaluma ya kompyuta katika Ujerumani Magharibi. Oktoba 1968 aliongoza mkutano wa Garmisch, mji wa Bavaria, ambako wataalamu walikiri waziwazi kwamba programu kubwa zilikuwa zikichelewa na kujaa makosa, wakataka zijengwe kwa nidhamu ya kihandisi. Alistaafu mwaka 1989, akaendelea kuandika kuhusu elimu ya maandishi ya siri, na akafariki tarehe 26 Machi 2015 akiwa na umri wa miaka 90.

Miongoni mwa aliowalea ni Manfred Broy, ambaye naye alikuja kuwa profesa Munich, na David Gries, Mmarekani aliyepatia udaktari wake huko mwaka 1966 kisha akawa mwandishi wa vitabu vya kufundishia vilivyosomwa katika vyuo vingi. Mwalimu wa namna hii hana kampuni ya kumtangaza, na ndiyo maana nakuomba, Mhariri, umtengee makala moja kamili, yenye hesabu kama ile niliyoieleza hapo juu na mchoro wake hatua kwa hatua, ili mwanafunzi wa kidato cha tatu asiye na kompyuta aweze kuijaribu kwa kalamu na karatasi.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mwalimu wa hisabati, Tanga