Wakristo tulipe ahadi za michango

Mhariri naomba nafasi kidogo niongee na Wakristo wenzangu. Kwenye vikao vya harusi tunanyanyuka tunatamka ahadi laki mbili, mweka hazina anaandika kwenye daftari, kamati inaenda kubuku ukumbi ikitegemea hela hizo, halafu siku zikikaribia simu hatupokei, meseji tumeisoma na tumekaa kimya, na Jumapili tupo mbele tunaongoza sifa! Inaniuma kwa kweli. Zaburi ya 15 inamsifu mtu anayeshika alichoapa hata kikimtia hasara. Kama hela imekwama si umpigie tu mweka hazina mapema, umwambie nitaweza elfu hamsini, ajipange, watakuelewa jamani, maana saa hizi mpishi anadai advansi na bibi harusi wa watu hapati usingizi.

Msomaji wenu,
Morogoro