Kalipa Mbili za Kushoto: Malalamiko Kuhusu Seti ya Breki Mliyoniuzia

Nakuru,
12 Agosti 2024

Kwa Meneja,
Kampuni ya Spea za Magari,
Tawi la Nakuru.

MINT: SETI YA BREKI MLIYOFUNGA KWENYE SUBARU IMPREZA YANGU TAREHE 27 JULAI 2024

Bwana Meneja,

Kabla hatujafika kwenye pesa zangu, naomba mfungue daftari la mauzo la mwezi wa Julai mtafute ni nani mwingine aliyenunua seti kama yangu. Mimi mliniuzia kalipa mbili za kushoto, yaani vile vyuma vinavyobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, badala ya moja ya kushoto na moja ya kulia. Kama mzigo ule uliingia dukani ukiwa jozi, basi kuna mtu anayeendesha gari lenye kalipa mbili za kulia, na huenda hana habari. Nitaeleza chini kwa nini jambo hilo linaninyima usingizi kuliko shilingi nilizowalipa.

Mimi ni mwalimu hapa mjini. Mama yangu anakaa Londiani, na kila mwezi namleta Nakuru kliniki ya presha kisha namrudisha. Kutoka Mau Summit hadi Nakuru gari hushuka zaidi ya mita 500, na kipande cha Sachangwan hadi Salgaa hakuna mkazi wa hapa asiyekijua. Sachangwan ndiko lori la petroli liliposhika moto Januari 2009 na kuua watu zaidi ya 100. Migaa ndiko basi na lori viligongana usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, watu 36 wakafa. Na tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori liliwavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, wakafariki zaidi ya 50. Mama alikuwa akinunua kabichi kwa wale wachuuzi. Kwa hiyo nikizungumza juu ya breki, sizungumzi kama mtu anayependa kurembesha gari.

Mwezi wa Machi, nikishuka Sachangwan nyuma ya trela, breki zangu zilipata moto. Harufu ya kuungua ilijaa ndani, nikakanyaga pedali ikawa ngumu kama jiwe na gari halipunguzi mwendo ipasavyo. Nilishuka gia, nikaponea hapo. Fundi wangu wa mtaa wa Shabab hapa Nakuru aliniambia mambo mawili: nisikalie breki mteremko mzima bali niiachie injini ishike gari, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, maana hunywa unyevu wa hewani na yakishaingiwa na maji huchemka mapema. Nilikuja dukani kwenu kununua mafuta na pedi peke yake.

Kijana wenu wa kaunta ndiye aliyenifungulia habari ya Forester, Subaru kubwa kuliko yangu. Alisema, "Mama, usijisumbue na hizo ndogo. Hii seti ni ya Forester ya turbo, diski za milimita 294, kalipa za pistoni mbili. Inaingia moja kwa moja, hubadilishi kitu." Sikatai kwamba wazo lenyewe ni zuri. Diski kubwa hubanwa mbali zaidi na kitovu cha gurudumu, kwa hiyo nguvu ile ile ya mguu huzuia zaidi, na chuma chake ni kingi, kinabeba joto zaidi kabla ya kuzidiwa. Watu wengi wenye Subaru wamefanya mabadiliko haya wakafurahi. Nililipa shilingi 38,500, na risiti yenu imeandika kwa kalamu ya mtu wenu: "Seti kamili, kushoto na kulia, diski nzuri." Shikeni maneno hayo.

"Hubadilishi kitu" ilivunjika saa ile ile. Rimu zangu za inchi 15 ziligusa kalipa, zikakataa kuingia. Mkaniambia ninunue rimu mbili za inchi 16 na matairi yake niweke mbele tu. Nashukuru nilijua kwamba gari hili huvuta kwa magurudumu yote manne, na matairi ya mbele yakitofautiana ukubwa na ya nyuma, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu ya injini mbele na nyuma, inaumia. Nilinunua zote nne, shilingi 26,000. Hilo ningelivumilia.

Nisilovumilia ni lililotokea kwenye karakana yenu baada ya hapo. Mafundi walipomaliza, nilikanyaga pedali ikazama karibu ifike sakafuni. Nikaipiga mara tatu ikapanda kidogo. Nilimwita fundi, akaijaribu, akanijibu mbele ya watu: "Pedi mpya lazima zizoeane na diski, mama. Enda kilomita 200, itakaza yenyewe."

Bwana Meneja, jibu hilo ndilo lililoniweka hatarini, kwa sababu nusu yake ni kweli. Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Lakini pedi ambayo haijazoea hufanya gari lichelewe kusimama huku pedali ikiwa pale pale juu. Haifanyi pedali izame. Pedali inayozama, kisha inapanda ukiipampu, ni pedali yenye hewa ndani ya mabomba. Mtu wa kazi hiyo hawezi kukosa kujua, na kama hajui hafai kugusa breki za mtu. Mimi sikujua wakati ule. Nilimwamini kwa kuwa alikuwa amevaa ovaroli yenu.

Ijumaa tarehe 2 Agosti nilikwenda kumchukua mama. Kupanda hakukuwa na shida. Tukirudi, chini ya Sachangwan, trela lililokuwa mbele yangu likawasha taa za nyuma. Nilikanyaga, pedali ikaenda, ikaenda, na gari likavuta kushoto kuelekea ukingoni ambako malori mawili yalikuwa yameegeshwa. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili. Nilipampu, nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, tukasimama ukingoni mwa barabara. Sijui ni hatua ngapi zilibaki kufikia lori la kwanza, sikushuka kupima. Mama hakusema neno mpaka Nakuru, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Kesho yake fundi wa Shabab alipandisha gari. Hakuchukua hata dakika tano. Aliniita akanionyesha skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa ya kushoto: iko juu, mahali pake. Kisha akanipeleka upande wa kulia: skrubu iko chini, inaangalia lami. Kalipa ya kulia ilikuwa ya kushoto iliyogeuzwa. Hewa hukaa juu ya mafuta, mtoto wangu wa darasa la nne anajua hilo. Skrubu ikiwa chini, utatoa mafuta siku nzima na hewa ibaki imekaa juu kwenye kalipa, ikibonyea kila unapokanyaga. Mashimo ya bolti yalilingana, ndiyo sababu ilifungika. Kufungika si kufaa.

Ili asibahatishe, aliifungua ile ya kulia, akaweka kipande cha ubao katikati ya pedi badala ya diski, akaishika mkononi skrubu ikitazama juu, akaniomba nikanyage. Povu lilitoka kwenye mpira uliochomekwa kwenye skrubu mpaka likajaza chini ya chupa ya kukingia mafuta. Pedali ikapanda palepale. Kwa hiyo haikuwa pedi, haikuwa masta silinda inayosukuma mafuta ya breki, wala haikuwa mguu wa mwanamke asiyejua gari, kama mmoja wenu alivyotaka kuniambia baadaye.

Diski nazo zilikuwa na lao. Zikiwa mpya huwa na unene wa milimita 24, na kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, milimita 22, kimegongwa pembeni mwa diski zenyewe. Fundi alizipima mbele yangu: moja ina 21.7, ya pili 21.5. Zilikuwa zimechongwa upya zikang'aa kama kioo, na ndiyo "diski nzuri" ya kwenye risiti. Diski iliyokonda kiasi hicho inabeba joto kidogo, yaani mliniuzia kwa bei ya juu kasoro ile ile niliyokuja kuikimbia.

Nilizirudisha breki zangu za zamani. Mlinishauri niwaachie "kama taka", nikakataa, nikazitia guniani. Leo ninaendesha kwa hizo, zikiwa na pedi mpya na mafuta mapya ya DOT 4, na mteremko nimeushuka kwa gia ya chini bila harufu wala mshituko. Ndicho nilichokuja kununua tangu mwanzo.

Jumatatu tarehe 5 Agosti nilikuja ofisini kwenu na kalipa mkononi. Nilisubiri saa mbili. Aliyenipokea alisema spea za mtumba hazina dhamana, na kwamba aliyeamua kubadilisha breki ni mimi. Sikuomba dhamana ya kuchakaa. Nililipia kushoto na kulia, nikapewa kushoto na kushoto. Hilo si suala la dhamana. Na breki hazikubadilishwa na mimi chini ya mwembe, zilifungwa na mafundi wenu, ndani ya karakana yenu, nikawalipa shilingi 5,000 kwa kazi hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika, haki ya kulindwa usalama wangu, na fidia nikipata hasara kwa kasoro za bidhaa au huduma. Hakisemi kuwa bidhaa iwe mpya.

Sasa narudi kwa yule mtu mwingine. Gari langu lilivuta kushoto kwa sababu gurudumu la kulia lilikuwa na hewa. Mwenye kalipa mbili za kulia, hewa yake iko kushoto. Akikanyaga kwa ghafula, gari lake litavuta kulia, na kulia katika barabara zetu ndiko yanakotoka magari yanayokuja. Akiwa kwenye barabara isiyo na kizuizi katikati, kama ile ya Mau Summit kwenda Kericho, hatakuwa na ukingo wa kusimamia. Naye pia ameambiwa aende kilomita 200 itakaza. Namba yake ya simu mnayo, maana hamuuzi kitu bila kuandika namba.

Mpigieni leo. Mwambieni asiendeshe, mkamchukue gari lake kwa gharama yenu. Msisubiri mwanasheria awaruhusu.

Kwa upande wangu nadai shilingi 38,500 za seti, 26,000 za rimu na matairi ambayo nisingeyanunua bila ahadi yenu, 5,000 za kufunga, 1,500 za mafuta ya breki na 3,500 nilizomlipa fundi kufungua na kurudisha. Jumla ni shilingi 74,500. Rimu mtazichukua mkinilipa. Nataka pia barua inayosema mmewatafuta wanunuzi wote wa seti hizo. Nawapa siku 14. Zikipita, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Fundi wangu amekubali kuja kueleza alichokiona, na video ya lile povu likitoka ninayo.

Kalipa na diski ziko nyumbani kwangu. Nitazileta siku ya malipo, na nitaomba zile diski zikatwe kwa grainda mbele yangu kabla sijaondoka, ili asiuziwe mtu mwingine.

Wenu,

Mteja wenu wa Nakuru
(Jina na namba ya simu viko kwenye risiti ya tarehe 27 Julai, nakala imeambatishwa.)