Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana, tunajua una majukumu mengi lakini umekuja, tunashukuru mno.

Mgeni rasmi, mwaka huu klabu yetu ilichagua mnyauko wa migomba, huku kwetu Kagera wengi wanauita unyanjano, sababu karibu kila mmoja hapa ameshauona kwao au kwa jirani. Ukikata mgomba unachuruzika ute wa njano, ndizi zinaiva kabla ya muda na ukipasua ndani ni kahawia, imeoza. Ulitokea Ethiopia, 2001 ukaonekana Uganda, na kwetu haukukawia.

Mnyauko huu unaletwa na bakteria, sasa swali letu lilikuwa, wataalamu wanajuaje ni bakteria gani huyo? Kwa macho bakteria wengi ni walewale tu. Njia mojawapo ni kuangalia mafuta yake, hapa utuvumilie kidogo mgeni rasmi. Bakteria anakuzwa maabara kwa chakula kilekile, nyuzi 28, masaa 24, hapo hakuna ujanja maana ukibadilisha chakula au joto na mafuta yanabadilika, majibu yote yanaharibika. Halafu anachemshwa kwenye dawa ya kuvunja mafuta, zile asidi za mafuta zinageuzwa kuwa methili esta ili ziweze kuwa mvuke, zinapitishwa kwenye mrija mwembamba mrefu wa mashine ya kromatografia, yaani ya kuzitenganisha, ni kama mchakamchaka tu, wepesi wanatangulia wazito wanafuata. Mashine inachora, kompyuta inalinganisha na michoro ya bakteria wanaojulikana.

Pectobacterium, yule wa kuozesha viazi mviringo, mafuta yake mengi ni minyororo iliyonyooka, ya kaboni 16 na 18. Xanthomonas, huyu wa mnyauko wa migomba, ana minyororo yenye tawi karibu na ncha, hasa ya kaboni 15. Kwa hiyo hao wawili huwezi kuwachanganya. Ndugu wa karibu ndio kazi, pale lazima na vinasaba viangaliwe. Mwaka 2008 watafiti walitumia vyote viwili kwa sampuli za Uganda, wakakuta huyu wetu anafanana zaidi na Xanthomonas vasicola wa mtama na miwa kuliko Xanthomonas campestris, ambaye ndiye alikuwa amepewa jina lake. Sisi hilo ndilo lilitufurahisha kuliko yote kwa kweli!

Changamoto, mgeni rasmi, haya yote tumeyasoma na kuchora kwenye manila tu. Hadubini tuliyonayo ni moja na lenzi ina ukungu. Hiyo mashine hatuiombi, bei yake tunaijua, tunaomba gari la kutupeleka chuo chochote chenye nayo tuione ikifanya kazi, hadubini mbili, na Jik ya kusafishia mapanga ya shamba la shule, maana panga likitoka mgomba mgonjwa kwenda mzima bila kusafishwa ndio unausambaza.

Tunaomba kuwasilisha.