Tovuti ya msanii ianzie kwenye daftari la msanii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasanii wenzangu, hasa wa huku Bagamoyo, ambao siku hizi kila semina tunayoitwa tunaambiwa tufungue tovuti. Shauri ni zuri. Ila hakuna anayekaa nasi chini akatueleza tovuti hiyo inapangwaje, na kwa kutojua huko nimepoteza fedha, jina, na mteja niliyemheshimu.

Mimi ni fundi wa nakshi. Nachonga milango, fremu na makasha ya mninga na mkongo, kazi niliyofundishwa na baba mdogo, na huu ni mwaka wangu wa 27. Miaka mitatu iliyopita nilimlipa kijana mmoja shilingi 450,000 anitengenezee tovuti. Hakuniuliza lolote kuhusu kazi yangu, nami nikamrushia picha arobaini zilizokuwa kwenye simu, basi. Baada ya wiki mbili akanionyesha ukurasa unaong'aa, na juu kabisa picha kubwa ya mlango ambao sikuuchonga mimi. Nikamwambia. Akanijibu kuwa ni wa kupendezesha tu, nami nikanyamaza.

Haukupita muda akanipigia bwana mmoja wa Unguja aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni. Alitaka mlango ule ule, wenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, wa mawaridi, na mnyororo unaozunguka miimo yote miwili, yaani mbao za pembeni za fremu. Ilinibidi nimwambie ukweli. Alinishukuru kwa adabu, na hakupiga tena. Mpaka leo naona haya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki juu ya kazi yake tangu anapoiunda. Kwa hiyo fundi aliyeuchonga mlango ule, popote alipo, nilimdhulumu, na ningekuwa mimi ningelalamika.

Mwaka ulipotimia tovuti ikapotea. Jina la tovuti hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja, na taarifa za kulipia hupelekwa kwenye barua pepe ya aliyelisajili. Aliyesajili ni yule kijana, kwa jina lake na barua pepe yake, naye alikwishahamia mkoa mwingine na kubadili namba. Kadi 200 nilizokuwa nimechapisha zikawa zinampeleka mtu mahali pasipo kitu. Ndugu zangu, jina hilo ndiyo hati ya kiwanja chako. Anayejenga nyumba ni fundi, lakini hati haiandikwi jina la fundi. Lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe unayoifungua wewe, nywila uzitunze wewe, na tarehe ya kulipia uiandike ukutani.

Mara ya pili nilianza na daftari. Nilikaa na binti wa dada yangu jioni tatu barazani kabla hatujamtafuta mtu wa kompyuta. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mjomba, unataka nani aingie humu, na akishaingia afanye nini?" Sikuwa na jibu. Tukabishana mpaka tukaandika: mwenye nyumba au hoteli anayetaka mlango, aone kazi, ajue inachukua muda gani, apige simu. Maneno mengine yote tukayapima kwa sentensi hiyo, na mengi yakaondoka, pamoja na hadithi ndefu ya maisha yangu niliyokuwa nimeipenda sana.

Kuchagua kazi ndiko kulikouma zaidi. Zilikuwa sitini na kitu, tukabakiza 12. Kuna mlango wangu wa kwanza mkubwa ambao mbao zake zilipasuka kwa sababu hazikukauka sawasawa. Nakshi yake bado ni nzuri, nami nilitaka uingie. Binti akauliza kama ningekubali kuchonga mwingine kama ule leo. Nikautoa. Sheria yetu ikawa hiyo: weka kazi ambayo ungefurahi kuagizwa tena. Makasha yalikuwa manane, tukabakiza mawili, maana mteja akiona vitu vinane vinavyofanana hukumbuka kimoja, na pengine si kile bora.

Picha tulipiga upya kwa simu ile ile. Nakshi haionekani kwa jua la saa sita, wala kwa mwanga wa simu unaopiga usoni; vyote huifanya mbao ionekane bapa. Tulingoja asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni, kila patasi iliyopita ikaacha kivuli chake. Kila mlango tuliupiga mzima, kisha kwa karibu, na mmoja tuliufuatilia tangu ubao mtupu hadi siku ya kufungwa. Huo ndio wateja wanaouulizia zaidi. Milango iliyokwisha kufungwa majumbani tuliomba ruhusa kwanza. Chini ya kila picha tukaandika aina ya mti, vipimo, mwaka na siku nilizotumia. Kisha picha zikapunguzwa uzito: iliyokuwa megabaiti nne ikawa kilobaiti mia mbili na ushei, ili mwenye bando dogo asichoke kungoja. Tuliijaribu tovuti kwenye simu ya jirani yangu, iliyopasuka kioo, kabla ya kuionyesha kwa mtu mwingine yeyote.

Lugha ya kwanza ni Kiswahili, Kiingereza kinafuata. Niliambiwa nigeuze, nikakataa. Mfaa, mwimo, kizingiti, njumu: haya ni majina ya kazi yenyewe, na mgeni anayependa mlango wetu atapenda kuyajifunza.

Ombi langu ni kwa wanaotufundisha. Mji huu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, TaSUBa ya leo (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na vijana wanatoka pale na ngoma, michoro na vinyago vinavyostahili kuonwa mbali. Waandaaji wa mafunzo, wa pale na kwingineko, watenge hata siku mbili ambazo msanii atakaa na daftari, achague kazi zake, azipige picha, azitungie maelezo, na asajili jina la tovuti kwa mkono wake. Kompyuta ije siku ya tatu.

Daftari letu bado liko karakana. Msanii yeyote anayetaka kuliona kabla hajamlipa mtu aje tu, nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.

Fundi wa nakshi,
Dunda, Bagamoyo